Baba Watatu, Harusi Moja

Katika vyuo vya ualimu tulifundisha kwamba kazi ya sanaa hupimwa kwa mambo mawili, fani na maudhui. Kwa kipimo hicho, filamu iitwayo Mamma Mia!, iliyotoka mwaka 2008, ingepata alama za chini. Sophie, binti wa kisiwa kimoja cha Ugiriki, anakaribia kuolewa na hamjui baba yake. Anasoma shajara ya zamani ya mama yake, anakuta majina ya wanaume watatu, naye anawaalika wote bila mama kujua. Kwetu Usukumani, baba watatu wangeshinda kutwa nzima kikaoni wakigombea ng'ombe wa mahari. Huko wanaimba.

Nyimbo zenyewe hazikutungwa kwa ajili ya hadithi hiyo. Ni za ABBA, kikundi cha Sweden kilichoshinda mashindano ya Eurovision mwaka 1974. Hadithi iliundwa baadaye ili nyimbo zipate pa kutundikwa, kwanza jukwaani London mwaka 1999, na misumari yake inaonekana waziwazi. Naye Pierce Brosnan, aliyekuwa James Bond katika filamu nne, anaimba kama mwenyekiti wa kijiji aliyelazimishwa kutumbuiza harusini.

Hata hivyo, msomaji wangu, nimeitazama filamu hii mara tatu, na mara zote nimefurahi. Sababu naiona katika kipimo kingine, kile cha wazee wetu. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, vikicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana wachezaji huleta nyoka, vinyago na vichekesho vya kila namna. Upuuzi pale ni kazi, tena hufanyiwa mazoezi. Kwa kipimo hicho Brosnan hakuharibu kitu. Anayemsikia hujiona kwamba hata yeye angeweza kuingia uwanjani. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, uwanja ulijaa.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ya Donna, mama yake Sophie. Anachezwa na Meryl Streep, aliyekuwa na miaka 59 filamu ilipotoka. Donna amechoka, na hoteli yake inabomoka. Marafiki zake wa ujanani wanamchokoza mpaka anaruka juu ya kitanda akiimba, kisha anateremka kuelekea gatini, na wanawake wa kisiwa wanaacha kazi zao na kumfuata. Hakuna anayemwambia kwamba haimpasi mtu wa umri wake. Nilipoitazama Geita, nyumbani kwa binti yangu, majirani zake, akina mama wanaowauzia wachimbaji chakula, walipiga vigelegele ingawa Kiingereza hawakukijua.

Mimi sikukua na nyimbo hizo. Mwaka 1974 masikio yangu yalikuwa kwa Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Lakini katika sehemu hiyo nilimwona marehemu mke wangu, aliyekuwa akicheza nyimbo za Mbaraka jikoni, mwiko mkononi, hadi mwaka wake wa mwisho. Basi maudhui yapo. Filamu inatuambia kwamba wimbo wa ujanani humrudishia mtu mwili wake wa zamani kwa dakika nne, na kwamba hilo si jambo la kuonea haya.

Mbaraka alifariki mwaka 1979, Marijani Rajab mwaka 1995. Nyimbo walizotuachia zinatosha kuozesha mabinti kumi wa namna ya Sophie. Atokee mtu azitungie hadithi, hata iwe ya kipuuzi kiasi gani, ila afanye haraka. Sisi tuliozicheza bado tuna magoti, lakini yameanza kulalamika.