Watangulizi au Walowezi? Mwanamke na Ardhi katika Riwaya za Willa Cather

Willa Cather anasifiwa kwa kumtoa mwanamke wa mbuga za Nebraska, Marekani, pembezoni mwa historia na kumkabidhi shamba; sifa hiyo anaistahili. Katika O Pioneers! (1913), Alexandra Bergson anaweka rehani shamba lililoachwa na babake ili anunue ardhi zaidi, wakati majirani wanahama. Ardhi inapostawi, nduguze wa kiume wanadai kwamba mali ya familia ni ya wanaume, hoja isiyohitaji mkalimani Afrika Mashariki.

Anwani ya riwaya hiyo ndiyo inayomtatiza mfasiri. Aandike watangulizi, au walowezi? Neno la kwanza linasifu. La pili, hasa nchini Kenya, limebeba mgogoro wa ardhi, nalo ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Cather alihamia Nebraska mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka tisa. Wapawnee walikuwa wameondolewa huko katika mwongo uliotangulia. Katika My Ántonia (1918), theluji inadhihirisha duara nyasini ambamo wenyeji wa awali walizoea kuzungusha farasi. Jim Burden, msimulizi, analichukulia kuwa ishara njema ya majira ya baridi. Riwaya inapita hapo bila kuuliza walikokwenda waliolichora.