Kusikiliza Mpaka Mwisho

Usaidizi wa kisheria wa jamii ni kazi ambayo wengi hawajui kama ipo mpaka siku ndugu wa marehemu wanapokuja kulipima shamba kwa hatua. Anayeifanya si wakili. Havai joho, hasimami mahakamani kumwakilisha mtu, na haruhusiwi kumtoza anayemsaidia hata shilingi moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyomtambua rasmi hapa Tanzania na kumtaka apate mafunzo na asajiliwe, lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko sheria hiyo. Walimu wastaafu, wakunga na makarani wa vyama vya ushirika walikuwa wakiifanya vijijini chini ya asasi ndogondogo, wakifundishwa na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake. Mimi nimeijulia katika asasi ya namna hiyo, mkoani Singida, na nasema bila kusita kwamba ni ufundi kamili, wenye mafundi wake.

Fundi ninayemfikiria zaidi ni mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Mjane akiingia ofisini na kufungua kanga aliyofungia karatasi zake, mama huyu hazigusi kwanza. Zitakuwamo kadi ya kliniki ya mtoto, picha ya harusi ya mtu mwingine kabisa, kibali cha mazishi, stakabadhi za alizeti, na karatasi ya daftari iliyoandikwa mauziano ya shamba, yenye dole gumba na nusu ya muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Kijana aliyetoka semina juzi huziparamia na kuanza kuuliza: mume alifariki lini, shamba ekari ngapi, nani alikuwapo? Mama humuuliza mgeni kama amekula, humpa maji, kisha husema, "Haya mwanangu, nieleze."

Na maelezo hayaanzi pale sheria inapotaka yaanze. Siku moja yalianza na maksai. Mjane alieleza kwa kirefu jinsi shemeji yake alivyokuja msimu mmoja kuazima jozi ya maksai, mvua zikiwa zimekaribia, mume akiwa safarini. Sisi wengine tuliona anapotea. Mama aliacha maksai walime mpaka jioni. Kisha akauliza swali moja tu: aliyekuja kuazima alimwomba nani ruhusa? "Aliniomba mimi. Akasema, shemeji, wewe ndiye mwenye nyumba." Walikuwapo majirani wawili.

Upande wa ukoo ulikuwa unadai kwamba huyu hakuolewa, kwamba waliishi tu. Hakukuwa na cheti cha ndoa wala mahari iliyomalizika. Lakini kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na watu wakawahesabu kuwa mke na mume, hudhaniwa kuwa na ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yule shemeji aliyekuwa akimkana sasa ndiye aliyemwita mwenye nyumba mbele za watu. Ushahidi ulikuwa kwenye maksai, na ungepotea kama mtu angemkatiza mjane kwa kumwambia aje kwenye jambo lenyewe.

Baada ya kusikiliza huja kuandika. Maelezo mazuri ni mafupi, yana majina, na mipaka ya shamba hutajwa kama inavyojulikana pale: uzio wa minyaa upande huu, korongo upande ule. Kisha husomwa kwa sauti, mwenyewe akisikiliza. Hapo ndipo nilipoona heshima ya kazi hii kwa karibu. Tulikuwa tumeandika kwamba shemeji alimfukuza. Mjane akainua mkono. "Sikusema alinifukuza. Nilisema alibadilisha kufuli nikiwa kisimani." Mama akafuta, akaandika upya. Maneno ya mwenyewe hayayumbi mtu anapohojiwa barazani, kwa kuwa hakuna aliyemtungia.

Mirathi ndiyo inayotuletea watu wengi, na kinachowaumiza zaidi ni kutojua. Kikao cha ukoo hukaa, humpendekeza msimamizi, muhtasari huandikwa, fomu namba 1 hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo hubandikwa. Mpaka hapo mambo huenda. Kisha msimamizi akishapewa barua yake huanza kujiona mrithi, hata mmiliki, na familia nzima huamini hivyo. Kumbe kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili, na ndani ya miezi 4 anapaswa kurudi mahakamani na orodha ya mali na madeni. Nimewaona vijana waliokuwa wamekata tamaa wakinyanyuka kitini baada ya kuambiwa jambo hili moja.

Kwenye mikutano ya kijiji mama hupenda kusimulia shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambalo Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Husimulia pia sehemu ambayo wengine huiruka: Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu zaidi, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha kuwa fungu lake. Waliofaidika ni waliomfuata. Kina mama hunyamaza kidogo, kisha maswali huanza, na hayaishi mpaka giza linaingia.

Kila robo mwaka tunajaza jedwali la waliofikiwa: wanawake, wanaume, vijana, watu wenye ulemavu. Mfadhili ana haki ya kujua fedha zake zimekwenda wapi, nami sina ugomvi na jedwali. Ila mjane wa maksai, aliyetuchukua siku nzima, anahesabiwa mmoja, sawa na aliyepita kuchukua kipeperushi. Na mradi ukiisha, posho huisha, huku watu wakiendelea kufa na kuachana. Mama huendelea kuja. Sikubaliani kabisa na wanaosema moyo wake wa kujitolea unatosha. Kutoka kwake mpaka vijiji vya mbali kuna nauli ya bodaboda, na ujuzi kama wake, uliojengwa kwa miaka, unastahili kulipwa kwa utaratibu usiotegemea barua ya mfadhili. Halmashauri zinazomtumia kila siku kupunguza msongamano wa malalamiko ofisini mwao zimtengee fungu kwenye bajeti.

Nawe msomaji, ukifiwa, fuatilia cheti cha kifo RITA mapema, na usitie sahihi wala dole gumba kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo kabla hujasomewa wote. Ukikwama, ulizia msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika wilaya yako. Huduma yake ni bure kwa mujibu wa sheria. Atakayekudai fedha, mpeleke kwa msajili msaidizi wa halmashauri yenu.