Anayelipa aitwe nani: mteja, mwanachama au mtuzaji?

Kuna neno moja ambalo Kiswahili cha mtandaoni bado hakijaliamua, na hali hiyo inaanza kuwagharimu washairi wetu. Mtu anayemlipa msanii kila mwezi ili aendelee kutunga na kughani mtandaoni aitwe nani? Vijana husema “sapota”. Wengine huandika mwanachama, wengine mfadhili, na nimeona pia mteja. Msomaji ataniambia kuwa hayo ni majina tu. La hasha. Kila jina hapo lina deni lake. Mteja anadai bidhaa na akiikosa anadai pesa zake. Mwanachama anadai kauli katika chama. Mfadhili anadai ripoti, na sisi Wakenya tumeziandika ripoti hizo hadi vidole vikafa ganzi. Msanii akishachagua jina, amekwisha kuchagua pia atakachompa anayelipa na atakachomnyima asiyelipa.

Suala hili nililikuta Garsen, kijana mmoja niliyewahi kumfunza aliponionyesha ukurasa anakoweka mashairi yake ya Kiswahili na Kipokomo. Anaghani vizuri, sauti haimkwami, na vina vyake havilazimishwi. Lakini shairi lake bora kuliko yote, linalohusu mto baada ya mafuriko na wakulima na wafugaji wanaorudi kunywa maji yale yale, lilikuwa limefungwa. Asiyelipa anapewa beti mbili, kisha anakutana na kufuli. Nikamuuliza kama mamake amelisikia. Akacheka: “Mwalimu, mamangu hata bando hana.”

Simlaumu kwa kutaka malipo. Bando analonunua kupandisha video moja lingemlisha siku nzima, na tangu Sheria ya Fedha ya 2023 malipo ya waundaji maudhui hukatwa ushuru wa asilimia 5 kabla hayajawafikia. Anayesema mshairi atunge bure kwa mapenzi ya lugha ajaribu kumwambia fundi wa mashua vivyo hivyo. Ninalolipinga ni uchaguzi wa cha kufunga. Kijana amefunga shairi, halafu akaacha wazi maelezo yake: video ndefu, ya bure kabisa, anapofafanua kila msamiati wa Kipokomo, anaeleza kwa nini alivunja mizani katika ubeti wa nne, na anataja hata tukio lililompa wazo. Hapo ameuvaa mkoba kinyume, vitu vyote vinamwagika nje.

Nasema hivyo kwa sababu katika kaunti hiyo hiyo, pale Mto Tana unapoingia baharini, ndiko Kipini, ambako wenyeji huonyesha kaburi la Fumo Liongo. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Msomaji anakijua. Liongo amefungwa. Mjakazi Saada anamletea chakula kutoka kwa mamake, na walinzi wanakila kizuri chote, wanamwachia makapi. Basi Liongo anamtuma Saada kwa maneno ya kuimba: mama atengeneze mkate wa kumvi, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanasikia wimbo, hawasikii kilichomo. Mkate wa kumvi nao hawautaki, unapita. Baadaye gungu linapochezwa na vishindo vya ngoma kupanda, yeye anakata minyororo taratibu.

Tutazame jinsi utungo huo ulivyogawanywa. Sauti ilikuwa ya kila mtu, hata ya adui. Ufunguo ulikuwa wa aliye karibu. Ndiyo maana ya fumbo katika ushairi wa mwambao, na ndiyo sababu fani hii ilidumu bila kufuli. Aliyetaka kufumbuliwa aliketi na mshairi, akamtumikia, akampa chochote. Wauzaji wa vitabu wa Kenya wanalielewa jambo hili kuliko washairi: tamthilia inayotahiniwa shuleni ni moja, lakini miongozo ya kuifafanua hujaa rafu nzima.

Kijumwa mwenyewe ni ushahidi mzuri. Alikuwa mchongaji, mwanamuziki na mwandishi wa hati za Kiarabu zenye mapambo ya kupendeza, na aliishi hadi 1945. Wazungu waliokuwa wakitafuta tenzi, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimlipa awanakilie. Walinunua nini? Walinunua mkono wake: karatasi, wino, mapambo, maelezo ya maneno magumu. Hawakununua ukimya wa Lamu. Tenzi zile ziliendelea kusomwa mijini na majumbani huku nakala zikivuka bahari. (Kwamba leo sisi tunalazimika kuzitafuta hati hizo London na Ujerumani ni uchungu mwingine, na siwezi kuumaliza leo. Walau sehemu yake sasa inaonekana mtandaoni bila malipo.)

Kwa hiyo neno ninalolipendekeza ni mtuzaji. Bibi anayepanda jukwaani na noti mkononi wakati wa taarabu halipii kusikia. Amekwisha kusikia, na ukumbi mzima unasikia pamoja naye. Analipia kuonekana akiutuza ubeti ule, na mara nyingi ubeti wenyewe una mtu wake aliyeketi safu ya tatu. Kadiri wasikilizaji wanavyokuwa wengi ndivyo tuzo yake inavyokuwa na maana. Mfungie ukumbi uwe wake peke yake, uone kama atatoa hata shilingi. Mteja hunufaika na uchache wa wenzake, mtuzaji hunufaika na wingi wao. Hii ndiyo tofauti ambayo neno “sapota” limeshindwa kuibeba.

Wala si mambo ya kale tu. Wimbo wa Skiza hufanya kazi kwa mtindo huo huo. Anayelipa ni mwenye simu, anayesikia ni kila anayempigia. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yaliweka fungu la msanii katika mapato hayo lisipungue asilimia 52. Wasanii walilipigania fungu hilo miaka mingi, lakini katika kelele zile sikusikia mtu akidai kwamba wapigaji simu wasiolipa wazibwe masikio.

Najua jibu litakalonijia: ukiuza ufafanuzi, mwanafunzi wa shule ya kutwa kule Tana Delta atabaki na fumbo mkononi huku mwenzake wa Nairobi akifumbuliwa. Hoja hii ni nzito na sina dawa yake kamili. Kiswahili, hata hivyo, kinatupa neno limbuko, yaani kuonja mazao ya kwanza. Maembe yanapoanza kuiva, yupo anayelimbuka kabla ya wengine, kisha msimu unafika na watu wote wanakula. Mtuzaji apewe limbuko: asikie rasimu, apate ufafanuzi mapema, atajwe jina, aulize swali ajibiwe. Baada ya wiki mbili au mwezi mmoja ufafanuzi ufunguliwe. Kuuchelewesha mwaka mzima ni kuufunga tu kwa jina jingine.

Yapo ambayo hata limbuko hayastahili. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma katika eneo hilo la delta. Shairi la kuwaita watu hao kwenye mto mmoja, likisikika na waliolipa tu, litawafikia wenye kazi mijini ambao hawakuwa wakigombania malisho wala shamba. Huo nauita udhaifu wa kifasihi, si wa kibiashara peke yake. Shairi limejenga nafsineni inayowaambia “ninyi” watu ambao limewafungia nje. Nilipolisoma lote, kiitikio chake kilinisikitisha kwa sababu hiyo hasa, kwani kinahitaji kuitikiwa.

Tena kuna swali la mali yenyewe. Kurasa nyingi za vijana wa kule huchanganya mashairi waliyotunga na nyimbo za wazee, visa vya Liongo, bembelezi za nyanya zao. Utungo wako waweza kuuchelewesha upendavyo. Bembelezi la kijiji si lako hata kama kamera ni yako. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inataka jamii iridhie kwanza, na ipate fungu lake penye faida. Sheria hiyo hiyo inazipa kaunti kazi ya kuweka sajili. Anayeweka kufuli juu ya wimbo wa nyanya yake anawauzia wajukuu wengine walichorithi.

Lakini uwazi mtupu nao una hasara, na hakuna wanaoijua kuliko watu wa Tana. Wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa mwaka 1963 na jopo la watu watano, umejengwa juu ya lahani ya bembelezi la Wapokomo. Hakuna kazi ya sanaa iliyo wazi zaidi ya hiyo nchini. Kila mtoto wa shule anaiimba chini ya bendera. Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, muhula baada ya muhula, lahani hiyo imetoka wapi, na wanaojibu hawajazi kiganja kimoja. Waliokuwa wakiwalaza watoto kwa sauti hiyo kando ya mto hawakutajwa katika vitabu walivyosomea. Anayepandisha bembelezi mtandaoni leo aandike chini yake nani ameimba, ni wa kijiji gani, na nani amempa ruhusa. Ni mistari mitatu, na haili bando.