Kioo Kilipaswa Kutangulia

Mashine imefungwa vizuri, na bado haifai kwa kazi iliyoagiziwa. Wengi wenu mmeitazama video ya kuifunga mwanzo mwisho: fundi kijana, mkono mwepesi, nyaya zimelazwa nadhifu nyuma ya mazabodi, na kompyuta ya mezani ya studio ya kuhariri picha za harusi ikawaka mara ya kwanza bila kusumbua. Sifa zimemiminika, nami sina ugomvi na mkono wake. Ugomvi wangu ni na uamuzi mmoja alioufanya kabla hajashika bisibisi, pale alipogawa bajeti. Ndani ya keisi ameweka kadi ya michoro ya RTX 4080. Mezani ameweka kioo cha wacheza gemu cha inchi 27, paneli ya TN, pikseli 1920 kwa 1080, hertz 165. Kwa mpiga picha hilo ni kosa la wazi, na hakuna kipuri kingine mle ndani kinachoweza kulifidia.

Yaliyo sawa niyataje upesi. Ryzen 7 7700 yenye kori 8 na wati 65 ni chaguo la mtu anayejua kazi. RAM ya GB 32 kwa vijiti viwili, SSD mbili za NVMe, pawa saplai ya wati 850 yenye nembo ya 80 Plus Gold: sawa, sawa, sawa.

Turudi kwenye kadi. Hoja ya fundi ilikuwa kwamba uhariri wa siku hizi unategemea akili mnemba, na akili mnemba inataka GPU. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Aprili 2023 Lightroom ilipata Denoise inayosafisha chenga kwenye faili za RAW, na kazi hiyo inabebwa na GPU. Mwaka uliotangulia, Juni 2022, Lightroom Classic ilianza kuitumia GPU pia wakati wa kutoa picha. Lakini mpiga picha wa harusi hashindi siku nzima akibonyeza Denoise. Anachuja picha, anasawazisha mwanga, anatafuta weupe wa kweli wa shela, anasafisha ngozi, anafungua Photoshop na kupanga leya. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inabebwa na prosesa, RAM na diski. Denoise yenyewe unaipangia foleni ya picha za ukumbini zilizopigwa kwa ISO kubwa, kisha unakwenda kula. Ukirudi imemaliza.

Sasa tazama hesabu. RTX 4080 ilizinduliwa Novemba 2022 kwa dola 1,199. RTX 3060 yenye GB 12 ilizinduliwa Februari 2021 kwa dola 329, inakula wati 170 dhidi ya 320 za dada yake mkubwa, na Denoise inaifanya. Inachelewa zaidi, ila picha inayotoka si mbaya zaidi kwa sababu hiyo. Tofauti ya bei za uzinduzi ni dola 870. Bei za maduka ya Kariakoo na ya Luthuli mnazijua wenyewe, zinapanda na kushuka na meli, lakini pengo kati ya kadi hizi mbili halijawahi kuwa dogo. Pengo hilo linanunua kioo cha IPS cha kiwango cha kazi, kalibreta ya kukipima, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Fundi amelitoa lote ili foleni ya Denoise iishe mapema, halafu akamwachia mwenye studio kioo kisichoweza kumwambia kama picha iliyotoka ni nzuri au mbaya.

Wapo watakaosema kadi kubwa inahitajika kwa rangi za biti 10. Hoja hiyo ilikufa zamani. Tangu Julai 2019, draiva ya Studio ya NVIDIA imefungua rangi za biti 10 kwa kila chaneli kwenye kadi za kawaida za GeForce, ndani ya Photoshop. Kabla ya hapo ulilazimika kununua kadi ya kikazi ya Quadro. Leo kadi ndogo inazitoa, na kinachokosekana mezani ni kioo cha kuzipokea.

Kamera za studio kama ile zinaandika RAW ya biti 14, maana yake ngazi 16,384 za mwanga kwa kila chaneli. Paneli nyingi za TN za wacheza gemu zina biti 6 za kweli, yaani ngazi 64, na zinafikia 256 kwa kuirusha pikseli haraka kati ya ngazi mbili zilizo jirani ili kulidanganya jicho. Kwa mtu anayekimbizana na adui kwenye gemu hilo halina neno, maana kasi ndiyo inayomwokoa. Kwa mtu anayetafuta tofauti kati ya kivuli cha taya na kivuli cha shingo, ngazi hizo zilizofichwa ndizo kazi yenyewe. Ongeza kwamba pikseli 1920 zilizotandazwa kwenye inchi 27 zinatoa takriban 82 kwa inchi, wakati 2560 kwa 1440 kwenye ukubwa uleule zinatoa kama 109. Anayepima ukali wa kope za bibi harusi kwenye kioo kile anapima chengachenga za kioo chenyewe.

Nendeni mkaitazame tena ile sehemu ya mwisho, anapofungua picha ya majaribio: bwana harusi kavaa suti nyeusi, bibi harusi ameegemea bega lake. Fundi amesimama, na suti inaonekana ya kijivu, imepauka kuanzia kola hadi kifuani. Anavuta kiti, anakaa, na suti inakuwa nyeusi. Anainama kushika kipanya, na nusu ya juu ya picha inazama gizani. Picha haijaguswa. Kilichobadilika ni urefu wa jicho lake mbele ya paneli ya TN, ambayo mwanga wake hubadilika ukiitazama kutoka juu au kutoka chini. Kisha, akiwa ameinama vilevile, anakivuta kitelezi cha vivuli kwenda kulia na kusema sasa uso umetokea. Uso ulikuwepo tangu mwanzo. Amerekebisha mkao wake kwa kuharibu faili, na hapo ndipo jina la kompyuta ya kuhariri picha lilipopotea.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya nyuso tunazozipiga. Ngozi nyeusi inaishi kwenye ngazi za chini na za kati za mwanga, mahali hasa ambapo paneli mbovu hubana na kupausha. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu, na nyuso za watu weusi zikatoka zimefifia au zimemezwa na giza huku kila mtu akiambiwa filamu ndivyo ilivyo. Tumetoka huko. Sensa za kamera za leo zinaona weusi wa aina zote: wa kahawia, wa samawati, wenye wekundu chini ya jicho, wenye mng'ao wa mafuta kwenye paji la uso. Kuzipokea data hizo zote na kuzitazama kwenye kioo kinachozifuta ni kurudi kwenye Shirley kwa hiari yetu, na kwa gharama zetu.

Halafu hakukuwa na kalibreta. Vioo vingi vya aina hii hutoka kwenye boksi vikiwa na mwanga mkali na weupe unaoelekea bluu, kwa sababu ndivyo vinavyovutia dukani. Mhariri anayeviamini hufanya mambo mawili bila kujua: anapunguza mwanga wa picha kwa kuwa kioo kinawaka mno, na anaongeza unjano kwa kuwa kioo kina ubaridi. Albamu inarudi kutoka maabara ikiwa na giza na shela la rangi ya siagi. Mteja analalamika, studio inailaumu maabara, maabara inaonyesha kwamba mashine yake imepimwa asubuhi hiyo. Nimeyasikia malalamiko haya miaka na miaka, na kila mara chanzo ni kioo kisichopimwa. Kazi ya kuprinti inataka mwanga wa cd/m² 80 hadi 120, weupe wa D65, gama 2.2. Kalibreta inakifikisha kioo kizuri hapo na kuandika profaili ya ICC kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kioo cha TN hata ukikipima, kipimo kinakuwa kweli kwa urefu mmoja wa kichwa tu. Fundi cherehani mwenye mashine ya kiwandani na futi iliyovutika atashona haraka nguo zisizomtosha mtu.

Watangulizi wetu walilijua hili wakiwa na vifaa duni kuliko vyetu. Bruce Fraser, aliyefariki mwaka 2006, alitumia maisha yake ya kazi kuwafundisha watu kwamba rangi isiyopimwa ni kubahatisha, na kitabu alichokiandika na Chris Murphy na Fred Bunting kuhusu usimamizi wa rangi bado kinawashinda wajuzi wengi wa leo. Sony walipouza Artisan, kioo cha CRT chenye tyubu, kifaa cha kupimia kilikuja pamoja nacho. Mtu hakuachiwa nafasi ya kusahau. Kisha ikaja Dell U2410: inchi 24, IPS, pikseli 1920 kwa 1200, asilimia 96 ya Adobe RGB. Iunganishe na Core i7-2600K ya mwaka 2011, kori 4 tu, RAM ya GB 16, na unapata mashine iliyotoa albamu ambazo bado zinasimama. Ilikuwa polepole, ndiyo. Lakini aliyekaa mbele yake alikuwa anaona. Nikiambiwa leo nichague kati ya mashine ile ya 2011 na hii mpya kwa ajili ya kuamua rangi ya uso wa mtu, nachukua ya 2011 bila kufikiri mara mbili.

Yapo mengine niliyoyasema zamani na nitayarudia mpaka yasikike. Taa za rangi ndani ya keisi ya kioo hazina nafasi kwenye chumba cha picha. Mliona ukuta nyuma ya meza ulivyogeuka zambarau. Jicho linajirekebisha kufuata zambarau hiyo na kuanza kuona ngozi kijani. Zizimwe, ukuta upakwe kijivu, taa ya chumba iwe hafifu na isibadilike. Jingine ni nakala. SSD mbili ndani ya keisi moja ni mahali pamoja: umeme ukirudi kwa kishindo au mwizi akipita, zinaondoka zote. Peter Krogh aliwapa wapiga picha kanuni ya 3-2-1, nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya jengo, na harusi ya mtu hairudiwi ili uipige upya. Tena UPS haikutajwa hata mara moja kwenye saa nzima ya video. Kwa umeme wetu, mashine ya thamani ile bila UPS ni kuweka kazi ya watu rehani.

Mgawanyo sahihi unaanza mezani na kuingia ndani. Kwanza kioo: IPS, inchi 27, 2560 kwa 1440 au zaidi, asilimia 100 ya sRGB, maana maabara zetu nyingi zinapokea sRGB; anayeprinti mwenyewe kwa wino na karatasi nzuri aende hadi kioo chenye asilimia 99 ya Adobe RGB. Pili kalibreta. Tatu RAM na SSD, kisha prosesa, kisha hifadhi ya nje na UPS. Kadi ya michoro inachukua kinachobaki, na kinachobaki kinatosha.

Kosa hili bado linarekebishika, kwa kuwa mashine ni mpya na RTX 4080 haikosi mnunuzi. Mwenye studio aiuze wiki hii, aweke kadi ya GB 12, na pesa itakayobaki iende kwenye kioo na kalibreta. Kioo cha TN awape watoto wa nyumbani wachezee gemu. Picha alizokwisha kuzihariri juu yake azifungue upya kabla ya albamu kwenda maabara, kwa sababu watu waliomo ndani yake walilipa ili waonekane walivyo.