Sifa za Mkono Unaotenga

Neva inayofika unyayoni huanzia karibu na uti wa mgongo, na kwa mtu mzima urefu wake hukaribia mita moja. Protini zake nyingi hutengenezwa mwanzoni kabisa mwa safari hiyo, ilhali zinahitajika mwishoni. Zingeachwa zisambae zenyewe, miaka mingi ingepita kabla hazijafika. Lakini mizigo ya haraka husafiri milimita 200 hadi 400 kwa siku. Huchukuliwa na protini-mota, zitembeazo juu ya mikrotubuli, mirija yenye upana wa nanomita 25 hivi. Haya leo yamo vitabuni, na anayeyasoma huisifu hadubini. Mimi nausifu mkono. Jicho lilituonyesha mwendo. Aliyeuleta mwendo huo alijulikana kwa ufundi wa kutenga na kusafisha.

Ushahidi uko Woods Hole, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hadubini iliyounganishwa na video ilionyesha chembe zikipita ndani ya neva kubwa ya ngisi. Picha ilikuwa wazi, lakini haikusema ni protini ipi, kati ya maelfu, iliyozivuta. Raymond Lasek na Scott Brady wakaona kwamba kemikali inayofanana na ATP, chanzo cha nishati ya seli, ila haivunjiki kama ATP, hugandisha mizigo juu ya mikrotubuli. Mwaka 1985 Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz waliigeuza dosari hiyo kuwa chujio. Waliiacha protini inate kwenye mikrotubuli, wakaondoa visivyonata, kisha wakatia ATP halisi, nayo ikaachia. Ikapewa jina la kinesini. Ilipopakwa juu ya kioo, mikrotubuli ziliteleza juu yake. Uzuri wa kazi hii ni kwamba protini ilitengwa kwa tabia yake yenyewe: kushika na kuachia, ndiko kutembea kwake.

Kilichotengwa vizuri huulizwa maswali makali. Mwaka 1993 Karel Svoboda, Steven Block na wenzao walikishika kwa leza kishanga kilichobebwa na kinesini, wakapima hatua zake: nanomita 8, sawa na urefu wa kipande kimoja cha tubulini, protini inayojenga mikrotubuli. Mwaka 2004 Ahmet Yildiz na wenzake waliutia mguu mmoja kati ya miwili ya kinesini rangi inayong'aa, wakauona ukiruka takriban nanomita 17 kisha ukitulia huku mwenzake akipita. Kinesini, basi, hutembea kwa kupishanisha miguu.

Yupo atakayesema kwamba kioo si seli, na kwamba kilichong'olewa kwao hakisemi ukweli wote. Hoja hii ni nzito, na jibu lake limo katika kisa cha daineni, mota inayokwenda upande ulio kinyume na ule wa kinesini nyingi. Daineni ya mamalia ikiwa peke yake kwenye kioo haiendi mbali. Mwaka 2014 maabara mbili zilionyesha kwamba ikiunganishwa na kundi la protini saidizi liitwalo dainaktini pamoja na protini ya kuishikisha mzigo, husafiri masafa marefu bila kubanduka. Upungufu huo ulionekana kwa sababu daineni ilikuwa imetengwa. Ndani ya msongamano wa seli, wasaidizi hao wangeendelea kufanya kazi bila kutambuliwa umuhimu wao.

Mwingine atauliza faida. Vinkristini, dawa itokanayo na mmea wenye asili ya Madagaska, hutumika kutibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Dawa hiyo huvuruga mikrotubuli, na seli za saratani hushindwa kugawanyika. Lakini neva nazo huishi kwa mirija hiyo hiyo, na ndiyo maana ganzi ya vidole ni miongoni mwa madhara yake. Anayejua njia ya uchukuzi hujua pia kwa nini mgonjwa hupoteza hisia miguuni.

Kwa hiyo, vyuo vinavyonunua hadubini na vilipie kwa moyo huo huo mafunzo ya kusafisha protini. Chombo huonyesha tu kile ambacho mkono umekwisha kukiandaa.