Benchi la Nyuma

Kwa miezi kadhaa mama mdogo wangu alikaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, pale watoto wanapopitia wakienda kukojoa. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, wenzake walisimama, yeye akabaki ameketi. Kanisa lenyewe sitalitaja, na sidhani ni la ajabu. Ukizunguka Makueni na Kitui utapata mengi yenye benchi kama hilo. Kosa lake lilikuwa kupika kaluvu. Aliiuza nyumbani jioni, na baadhi ya wateja walikuwa wanaume wa benchi za mbele. Pesa zilikuwa za karo ya chuo. Karo yangu.

Mimi wakati huo nilikuwa Nairobi na nilikuwa nimeacha kuingia darasani. Muhula mzima na nusu ya mwingine nilipokea M-Pesa yake, nikalipa kodi ya nyumba, nikanunua bando, nikamwambia mitihani inaendelea vizuri.

Nitarudi hapo. Kwanza vitabu, maana ndivyo vilivyonifanya nianze kuandika hii.

Ukambani ina waandishi wawili ambao nadhani wanafaa kusomwa pamoja, ingawa wangekaa meza moja sijui wangeongea nini. Wa kwanza ni David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, mwaka 1939. Huyu wazazi wetu walimsoma kwa kujificha. *My Dear Bottle* ya 1973 ni mlevi anayezungumza na chupa yake, mwanzo hadi mwisho. *After 4.30* ya mwaka uliofuata ni makarani wa kike na mabosi wao baada ya saa kumi na nusu jioni. Tanzania iliwahi kupiga marufuku vitabu vyake. Wa pili ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, msomi wa Cambridge na kasisi wa Kianglikana, aliyefariki 2019 huko Uswisi. Wengi wetu tunamjua kwa ile hoja ya sasa na zamani, kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Tumeibishania sana chuoni, hata sisi ambao hatukumaliza.

Kitabu chake ninachokipenda ni kingine, *New Testament Eschatology in an African Background*, cha 1971. (Nakala niliyo nayo ni ya maktaba. Niliiazima kabla sijaacha chuo na sijairudisha. Nisameheni.) Mbiti anauliza swali rahisi: wamisionari wa Africa Inland Mission walipohubiri Ukambani kuhusu mwisho wa dunia, Mkamba alisikia nini? Hawa ni wale waliofika na Peter Cameron Scott mwaka 1895 na kuanza kazi Nzaui, ndani ya Makueni ya leo. Jibu la Mbiti ni kwamba watu walisikia vitu. Moto ukawa moto wa kuni, mji ukawa mji wenye nyumba, hazina ikawa mali, karamu ikawa chakula cha kuliwa kwa mdomo. Lugha ya mafumbo ilichukuliwa kama ramani ya mahali mtu atafika.

Hapa naongeza langu, Mbiti asilaumiwe. Mbingu ikishakuwa mahali pa kufika, utakatifu unakuwa nauli. Usinywe, usicheze ngoma, usioe wa pili: unalipa kidogo kidogo hadi mlangoni. Na wazee wa kanisa wanakuwa makanga. Hawana ubaya, wanafanya kazi yao, wanakagua nani amelipa na nani amedandia. Mama mdogo alikutwa hana tiketi, akasogezwa nyuma.

Kinachonichekesha ni kwamba Mulango yenyewe, nyumbani kwa Mbiti, ilianza kama kituo cha Walutheri wa Leipzig, kabla ya Vita vya Kwanza kuwaondoa Wajerumani na AIM kuingia. Yaani mlango wa kwanza wa injili pale ulikuwa wa wafuasi wa Luther, mtu aliyegombana na Roma nzima akisema wokovu haununuliwi. Miaka mia baadaye tunahesabu sarafu.

Paulo akimwandikia Tito anapanga mambo kwa mfuatano mwingine. Neema ya Mungu inatangulia, imeshatokea, halafu hiyo hiyo ndiyo inayofundisha watu kukataa uovu na kuishi kwa kiasi. Mwalimu ni neema. Na kitenzi cha Kigiriki alichotumia ni cha kulea mtoto, pamoja na kumrudi anapokosea. Kwa hiyo wale wa siku hizi wanaohubiri neema kama bando lisiloisha, fanya utakalo Mungu anaelewa, nao wamesoma nusu. Dietrich Bonhoeffer aliwaandikia watu wa aina hiyo kule Ujerumani mwaka 1937 na naona bado wapo, wengine wana vipindi vya redio.

Sasa nirudi nyumbani. Uongo wangu ulipoisha pumzi nilipanda gari la Wote na begi moja. Njiani nilipanga hotuba. Nilifika jioni, mama mdogo akaniangalia, akaliangalia begi, akajua. Akaniuliza, "Umekula?" Akanipakulia muthokoi. Hotuba sikuitoa. Saa kumi na moja alfajiri akaniamsha kwa kunivuta blanketi: "Amka, mwanangu, maji hayajileti." Tukaenda kuchota, na njia nzima akaniuliza pesa zilienda wapi, shilingi kwa shilingi, nami nikasema kweli kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka. Sijawahi kuogopa kitu kama yale maswali, na sikutamani kukimbia. Tangu hapo nikilipwa makala namtumia kitu. Hakuniambia nifanye hivyo.

Jambo lingine lazima niliseme. Aliacha kupika kaluvu wiki ile ile. Wazee walifurahi wakasema nidhamu imefanya kazi, wakamrudisha mezani. Kumbe hakukuwa tena na karo ya kulipa! Na sitaki kumfanya malaika. Kuna jirani ambaye mume wake alikuwa akimalizia mshahara pale kwetu, na mama huyo hakuona neema yoyote ndani ya mtungi ule. Benchi la nyuma halikutoka hewani.

Ndiyo maana Maillu ananiacha na njaa. Anguko analijua kuliko mhubiri yeyote. Mlevi wake ana akili, anachekesha, na unaisikia pumzi yake ukurasani. Lakini karibu na mlevi huyo naona wa kumcheka na wa kumwonya tu. Ngũgĩ naye, ndani ya *The River Between* ya 1965, alitupa Joshua, mkristo anayemkana bintiye Muthoni kwa sababu ya tohara, na fasihi yetu imekuwa ikimnakili Joshua tangu hapo: mkristo ni mtu wa sheria, au ni mnafiki. Wote wawili wapo, nimekaa nao benchi moja. Ila ni rahisi kuwaandika. Mbiti anayo teolojia ambayo ingemwokoa Joshua, hata anazungumzia sakramenti ambazo mama mdogo alinyimwa, lakini kurasa zake zina Wakamba kwa jumla. Hazina mtu mmoja mwenye jina na deni. Bado nasubiri riwaya ambamo mtu anapokelewa kwanza, halafu, polepole na kwa shida, anaanza kubadilika, na msomaji asihisi amehubiriwa. Nimejaribu kuiandika mara mbili. Zote zilitoka kama ushuhuda wa Jumapili.

Juzi usiku nilimsomea mama mdogo *My Dear Bottle*, nikitafsiri mstari kwa mstari huku akichambua mbaazi. Alicheka sana. Wateja wake wote, alisema, wamo humo. Halafu akanyamaza, akauliza, "Huyu akitoka baa leo, nani atamfungulia mlango?"

Nikamwambia sijafika huko. Akasema nisome basi, mafuta ya taa yanaisha.