Tapeti za Bushi: Sindano Zikae Kando!

Jozi nane, tapeti kumi na sita, bado zimelowa oili ya kiwandani. Ni za Isky, zile za EZ-Roll, za kuvaa kwenye Chevrolet big-block ya mbio za robo maili. Ed Iskenderian, mwenye jina hilo, ni mzaliwa wa 1921, na alikuwa akichonga kamshafti kule California hata kabla NHRA, chama cha mbio hizi, hakijaundwa mwaka 1951. Basi hii si kazi ya watu waliojifunza jana. Na humu ndani, jamani, hamna sindano hata moja!

Kwa asiyejua kinachonipandisha mori: tapeti ya rola ni kipande cha chuma chenye kipenyo cha inchi 0.842, milimita 21 na kidogo, na mguuni pake kuna kigurudumu kinachotembea juu ya kamshafti. Miaka nenda rudi kigurudumu hicho kimezungukia beringi ya sindano, vipini vyembamba vya chuma vilivyojipanga kuizunguka pini. Kimoja kikivunjika, vyote vinamwagika. Vinashuka na oili, vinachuna kamshafti, vinaingia pampu, na pengine bloku nzima inatoka pale ikiwa chuma chakavu. Bushi ni pete moja nzima. Inalika polepole, nafasi ya valvu inaongezeka, na fila geji inakupasha habari mapema. Ukiona valvu uliyoipanga juzi leo imeachia zaidi, ng'oa hiyo tapeti uitazame.

Nilichukua moja, nikaiosha, nikashika kigurudumu kwa kidole gumba na cha shahada. Kukivuta juu na chini, kimya. Kukizungusha, kinateleza bila kukwaruza popote. Tochi nayo ikanionyesha kilichonifurahisha kuliko vyote: tundu la oili linaloelekea kwenye pini, safi, halina hata unyoya wa chuma uliobaki kiwandani. Hapo ndipo pa kutazama unapochagua tapeti yoyote. Rangi ya boksi achana nayo.

Maana tapeti za rola hazifi pale watu wanapodhani. Tukisikia injini inalia mizunguko 8,000 tunaona huruma, na kweli kigurudumu wakati huo kinakaribia kasi hiyohiyo, huku springi ikikigandamiza kwa paundi 800 au zaidi valvu ikiwa wazi. Lakini pale oili inarushwa kila upande. Balaa iko sailensa, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta! Gari limesimama kwenye foleni, krenkishafti inazunguka taratibu, oili ya kurushwa ni kidogo, na kila valvu inapofunguka ile nafasi uliyoiacha inagongwa kama kwa nyundo. Injini ya daraja la Pro Stock la NHRA, ya inchi za ujazo 500, inafunguliwa na kukaguliwa na mafundi kila mara. Gari la mtu wa kawaida linanguruma kwenye foleni, linakimbia robo maili, linarudi taratibu, kisha zamu nyingine. Ndilo linalohitaji tapeti ngumu kuliko yote.

Kwa hiyo bushi bila oili ya presha ni pesa uliyoitupa. Crower nao wana HIPPO yao, inayosukuma oili yenye presha hadi kwenye pini, na mimi sinunui tena tapeti isiyo na njia ya namna hiyo. Kuna mafundi wa zamani wanaopenda kubana njia za oili za juu kwa vizibo vyenye tundu dogo, eti oili ibaki chini kwa krenkishafti. Ukivaa hizi, ving'oe! Halafu, kabla ya kufunga injini, zungusha kamshafti kwa mkono uangalie tapeti ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Ule mfereji wa oili kiunoni mwake usichungulie nje ya tundu la bloku. Kamshafti kali iliyochongwa mgongo mwembamba hufanya hivyo, presha inavuja, nawe unabaki kulaumu tapeti.

Springi usizionee huruma. Wengi hupunguza nguvu yake wakidhani wanailinda tapeti, na ndipo wanapoiua: springi ikichoka, kigurudumu kinaruka juu ya kamshafti na kutua kwa kishindo. Mgandamizo wa kila wakati kinauvumilia, vishindo hapana.

Kasoro? Bei inauma, hilo silifichi. Vile vibao vinavyounganisha jozi ili tapeti zisigeuke vinacheza kidogo mkononi. Hilo ni lazima, kwa sababu kila tapeti inapanda kwa wakati wake. Anayetaka zisizo na vibao atafute za Jesel zenye ufunguo ubavuni, ajiandae na kazi ya mashine kwenye bloku na bili yake. Kwa gari la Jumamosi mimi nasema hapana.

Zangu zinalala kwenye oili usiku huu, kesho zinaingia. Injini itapashwa moto kwa mizunguko 2,000 hivi, sailensa ndefu marufuku, kisha nafungua kifuniko nipange valvu zote kumi na sita upya, na namba za kila moja naziandika kwa chaki ukutani.